Shofere, Mkanda na Barabara ya Shaba: Historia ya Usalama wa Magari Kolwezi

Usalama wa magari katika ukanda wa shaba wa Lualaba, kusini mwa Kongo, umesimama juu ya mafundisho mawili ambayo hayajapatana hadi leo. La kwanza linamtazama shofere: awe macho, asinywe, asikimbize gari, na ajali ikitokea aulizwe yeye. La pili linakubali tangu mwanzo kwamba shofere, hata aliye hodari, siku moja atakosea. Basi linamzungushia mkanda wa kiti, vyuma vya kuzuia paa lisibonyee, tuta la udongo kando ya njia na kikomo cha mwendo, ili kosa lake lisimuue yeye wala mwingine. Kolwezi inayajua yote mawili, na mpaka kati yake ni lango la mgodi. Ndani ya lango hutawala fundisho la pili. Nje, kwenye lami inayokwenda Likasi na Lubumbashi, mtu hubaki na la kwanza tu.

Mpaka huo haukuwapo zamani, kwa sababu mzigo mkubwa haukupita barabarani. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ikafika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1918 reli ilifika Bukama, mwaka 1928 ikafika bandari ya mto ya Port-Francqui, sasa Ilebo, na mwaka 1931 njia ya magharibi kupitia Tenke na Dilolo ikaunganishwa na ile ya Benguela iendayo Lobito, kwenye bahari ya Atlantiki. Kolwezi ilipoanzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya migodi ya magharibi, ilizaliwa pembeni mwa reli. Shaba, makaa ya mawe, chakula cha kambi na wafanyakazi wenyewe walisafiri kwa behewa. Gari la barabarani lilikuwa msaidizi wa treni, likichukua vitu kutoka stesheni hadi ghala na kutoka ghala hadi shimo.

Reli ilikuwa na busara ambayo barabara ilikuja kuikosa. Dereva wa treni haachwi aamue mwenyewe kama njia mbele yake iko wazi. Ishara, mgawanyo wa njia kwa vipande na idhini ya stesheni vinahakikisha kwamba treni mbili hazikutani, hata kama mmoja wa madereva amechoka. Anayemiliki njia ndiye anayemiliki treni, ndiye anayemlipa dereva, na kwa hiyo hana wa kumtupia lawama akitaka kukwepa.

Katanga, jimbo la wakati huo lililoijumuisha Kolwezi, ilitofautiana pia na majirani zake kuhusu nani aruhusiwe kushika usukani. Upande wa pili wa mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, vyama vya wafanyakazi Wazungu vililinda kwa ukali kazi za ufundi zisishikwe na Waafrika. Union Minière, kuanzia sera yake ya mwishoni mwa miaka ya 1920 ya kuwaweka wafanyakazi na familia zao kwa muda mrefu kambini, iliwafundisha Waafrika kuendesha treni, kreni na mashine mapema zaidi. Shofere wa kampuni akawa mtu wa heshima mjini. Lakini heshima hiyo ilikuwa na kamba shingoni. Nyumba, posho, shule ya watoto na hospitali vyote vilikuwa vya mwajiri mmoja, na aliyefukuzwa kwa kosa la kazi alipoteza vyote kwa mkupuo. Nidhamu ya namna hiyo ilizaa uangalifu kweli, ila ilizaa pia desturi ambayo haijafa: ajali ikitokea, swali la kwanza ni nani alikuwa kwenye usukani, na mara nyingi swali la pili, la kwa nini kosa lake liliweza kuua, halifuati.

Wakati huohuo, duniani kwingine swali la pili lilikuwa limeanza kuulizwa. Mwaka 1959 mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo alitoa mkanda wa kiti unaofungwa sehemu tatu, begani na kiunoni, na kampuni hiyo ikawaruhusu watengenezaji wengine kuutumia bila malipo. Mwaka 1965 mwanasheria Ralph Nader alichapisha Marekani kitabu kilichowashtaki watengenezaji kwa kuuza magari ambayo umbo lake lenyewe liliua, nao wakizoea kuwalaumu madereva. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya viwango vya usalama wa magari, na kiongozi wa kwanza wa idara iliyoundwa alikuwa William Haddon, daktari aliyeichukulia ajali kama maradhi: kuna yanayotangulia mgongano, kuna yanayotokea wakati wa mgongano, kuna yanayofuata baada yake, na katika kila hatua mtu, gari na mazingira vyote vina sehemu yao. Jimbo la Victoria nchini Australia lilikuwa la kwanza kulazimisha mkanda, mwaka 1970. Upinzani ulikuja mwaka 1975 kutoka kwa mwanauchumi Sam Peltzman, aliyedai kwamba dereva anayejiona amelindwa huongeza mwendo, na hatari humhamia mwenda kwa miguu. Utafiti uliofuata haukuunga mkono kiwango alichokitaja, kwani mkanda peke yake hupunguza takriban nusu ya hatari ya kufa kwa wanaokaa mbele. Hata hivyo hoja yake kuhusu anayetembea kwa miguu haistahili kudharauliwa katika nchi ambako wengi hutembea.

Mjadala huo uliifikia Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, kwa njia ya sheria, si ya vifaa. Msingi ulikuwapo tangu zamani. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba na wajibu, iliyotungwa kabla gari lolote halijakanyaga Kongo, inasema kwamba yeyote anayemdhuru mwingine kwa kosa lake lazima afidie, na inaongeza kwamba bwana hujibu kwa madhara yanayofanywa na watumishi wake wanapokuwa katika kazi aliyowapa. Kwa hiyo sheria ya nchi haikuwahi kusema kwamba shofere anasimama peke yake. Sheria ya tarehe 5 Januari 1973 ikalazimisha kila gari liwe na bima ya madhara kwa watu wengine, na kwa miaka mingi bima hiyo ilipatikana kwa kampuni moja tu ya serikali, SONAS, iliyoanzishwa mwaka 1966. Mlango ulifunguliwa kwa kampuni nyingine na sheria ya bima ya mwaka 2015. Kisha, tarehe 30 Agosti 1978, ikatoka sheria mpya ya barabarani, ambayo ndiyo iliyobaki kuwa msingi wa kazi ya polisi wa barabarani. Kolwezi iliipokea miezi mitatu tu baada ya vita vya Mei mwaka huo mjini humo, mji ukiwa bado unaomboleza wafu wake na wataalamu wengi wa kigeni wakiwa wamekimbia.

Kilichoibadilisha barabara zaidi ya sheria yoyote ni kuanguka kwa kampuni ya madini na kwa reli. Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière baada ya kutaifishwa mwaka 1967, ilitoa takriban tani 476,000 za shaba mwaka 1986. Mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, ukafuatia uporaji wa mwaka 1991, kisha kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai, wakiwamo mafundi wengi wa reli na wa karakana. Katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Njia ya Benguela ilikuwa imekatwa na vita vya Angola tangu mwaka 1975. Kwa hiyo migodi ilipofufuka, kufuatia sheria ya madini ya mwaka 2002, wawekezaji wapya walikuta shaba nyingi na reli chakavu, wakaita malori.

Ukubwa wa badiliko hilo unaonekana kwa hesabu rahisi. Kongo ilivuka tani milioni moja za shaba kwa mwaka mnamo 2014, na kufikia 2023 ilikuwa imepita milioni mbili na nusu, sehemu kubwa ikitoka Lualaba. Tani milioni moja zikipakiwa kwenye malori ya tani 30 ni safari zipatazo 33,000 za kwenda, bila kuhesabu salfa, asidi, chokaa, dizeli na vipuri vinavyoingia. Mzigo uliokuwa ukisimamiwa na ishara za reli ukakabidhiwa kwa maelfu ya madereva, kila mmoja akiwa na macho yake na usingizi wake.

Ndani ya migodi mipya, fundisho la pili lilifika likiwa limekamilika. Migodi kama Tenke Fungurume, iliyoanza kuzalisha mwaka 2009, Mutanda na Kamoto Copper Company, na baadaye Kamoa-Kakula iliyoanza mwaka 2021, ilileta kanuni za kampuni kubwa za dunia. Sababu yake ni ya kutisha na ya wazi. Lori la mgodi hubeba tani 90 na kuendelea, na dereva wake, aliyekaa juu kama kwenye ghorofa ya pili, haoni kabisa kilicho karibu na gurudumu la mbele. Land Cruiser ikiegeshwa mahali pabaya husagwa bila yeye kuhisi kitu. Ndiyo maana gari dogo linaloingia shimoni huwa na mlingoti mrefu wenye bendera, taa ya rangi ya chungwa inayozunguka, vyuma vya kuzuia paa lisibonyee, redio ya mawasiliano, na taa zinazowashwa mchana kutwa. Honi ina lugha yake ya kuwasha, kwenda mbele na kurudi nyuma. Kando ya njia hupandishwa tuta la udongo, ambalo kwa kawaida hufikia angalau nusu ya kimo cha gurudumu la lori kubwa kuliko yote, ili linalotoka njiani lisidumbukie. Madereva hupimwa pombe langoni, na chombo kilichofungwa ndani ya gari huandika mwendo na breki za ghafla.

Jambo la kuangalia ni kwamba orodha hiyo haikuanza na mkanda wala kofia. Wahandisi wa usalama huvipanga mwisho. Kwanza huondoa hatari yenyewe, wakishindwa huitenga na watu, kisha huweka kanuni, na kifaa cha kuvaa mwilini huja baada ya yote kushindwa. Tuta ni bora kuliko mkanda kwa sababu halimsubiri mtu akumbuke kulifunga. Na hapa ndipo mabishano ya siku zote kati ya wajibu wa dereva na vifaa vya kinga yanapoonyesha udhaifu wake, kwani wanaobishana hugombania hatua mbili za mwisho na kuziacha zile za mwanzo. Mgodi uliweza kuanza na za mwanzo kwa sababu ulikuwa, kama reli ya zamani, mwenye njia, mwenye gari na mwenye kulipa mshahara.

Nje ya lango hakuna anayemiliki vyote vitatu. Barabara ya takriban kilomita 300 kati ya Kolwezi na Lubumbashi ni ya dola, hutozwa ushuru, na hupita katikati ya vijiji na masoko. Malori ni ya wasafirishaji wa Kongo, Zambia, Tanzania, Zimbabwe na Afrika Kusini. Mzigo ni wa mgodi au wa mfanyabiashara aliyeununua. Kando ya lami hupita baiskeli zilizosheheni magunia ya mkaa, watoto wa shule, na wachimbaji wa mikono wanaorudi kutoka mashimoni. Kiangazi vumbi jekundu huficha taa za gari la mbele, na masika mvua hula kingo za lami.

Kuna kasoro nyingine ambayo uangalifu wa dereva hauwezi kuiondoa. Kongo huendesha upande wa kulia, na nchi zote za kusini na mashariki ambako shaba hupita huendesha kushoto, kwa hiyo lori hubadilisha upande mpakani Kasumbalesa na usukani wake hubaki kulia. Dereva wa lori la namna hiyo akitaka kulipita gari lililo mbele hana budi kulitoa kichwa kizima hadi katikati ya barabara kabla ya kuona kama njia ni nyeupe. Basi dogo lililonunuliwa Japani lina mlango wake kushoto, na kushoto, nchini Kongo, ndiko katikati ya barabara, hivyo abiria hushukia mbele ya magari yanayopita. Mengine huhamishiwa usukani gerejini, na mfuko wa hewa uliotengenezwa kwa upande mmoja haufai tena kitu. Katika miaka ya 2010 serikali ya Kinshasa ilitaka kuzuia uingizaji wa magari ya usukani wa kulia, lakini kusini mwa nchi, ambako karibu kila gari hutokea Durban au Dar es Salaam, amri hiyo iligongana na maisha ya kila siku.

Tarehe 20 Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe kwenye barabara hiyo, lori lililokuwa likipeleka asidi ya salfuriki kwenye mgodi wa Mutanda liligongana na basi dogo na kupinduka. Asidi iliwamwagikia abiria na watu waliokuwa karibu. Watu wapatao 20 walikufa, na wengine walibaki na majeraha ya kuungua ya maisha yote. Lori lilikuwa la msafirishaji aliyekodiwa. Mkanda haungemsaidia aliyemwagikiwa. Uangalifu wa shofere ungeweza kusaidia, lakini hata shofere mwangalifu hubeba asidi ileile katikati ya kijiji kilekile. Maswali yenye uzito yalikuwa kwingine: nani alipanga saa ya safari, nani alikagua tangi na breki, na mbona hapakuwa na mtu karibu aliyejua kutibu mwili ulioungua kwa asidi.

Sheria, kwa bahati, ilikuwa imeshasogea. Marekebisho ya sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018 yaliongeza kwamba mwenye haki ya mgodi hulipa madhara yanayotokana na shughuli zake za uchimbaji kwa watu, mali na mazingira, hata pasipo kosa wala uzembe wake. Huo ni urithi wa moja kwa moja wa wazo la mwaka 1888, uliopanuliwa. Ugumu uko kwenye mlolongo wa mikataba. Kati ya mgodi na shofere huwapo msafirishaji, na pengine msafirishaji mwingine chini yake, na kila pete ya mnyororo inajitahidi kuonyesha kwamba safari haikuwa yake. Shofere akikamatwa, na lori likitelekezwa kituo cha polisi, kesi huonekana imekwisha. Haijakwisha. Kumtupa gerezani mtu wa mshahara mdogo aliyeendesha usiku kucha kwa agizo la bosi wake hakuifanyi safari inayofuata kuwa salama hata kidogo.

Si kweli, hata hivyo, kwamba barabara ya umma haiwezi kuwekewa vifaa. Kenya ilijaribu kwa nguvu mwaka 2004, wakati waziri wa uchukuzi John Michuki alipolazimisha matatu zote ziwe na mkanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano ubavuni na idadi maalumu ya viti. Siku za mwanzo magari yalisimama na watu wakatembea kwa miguu, kisha wenye matatu wakatii. Miaka iliyofuata usimamizi ulilegea, na vidhibiti vingi vikachezewa. Somo lililobaki ni la kiutawala: amri ilimlenga mwenye gari, kwa leseni yake ya biashara, badala ya kumlenga dereva peke yake, na ilifanya kazi kadiri mkaguzi alivyokuwa akitazama.

Kolwezi, chombo kinachosubiri utawala wa namna hiyo ni pikipiki. Pikipiki za Kihindi na Kichina zimejaa katika mitaa ya Manika na Dilala, na manseba, dereva wa teksi hiyo, hupakia abiria wawili au watatu pamoja na mizigo yao. Kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hakuna kifaa kingine cha bei hiyo chenye faida kubwa hivyo, na ni aibu kwamba mfanyakazi anayekaguliwa kofia, miwani na viatu langoni mwa mgodi hufika langoni hapo kichwa wazi nyuma ya manseba. Manseba naye hukaguliwa na polisi, lakini ukaguzi wenyewe mara nyingi huishia kwenye pesa ndogo, na aliyelipa huona kofia amekwisha kuinunua.

Reli, iliyoachwa, ina hatari zake. Machi 2022 treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, katika eneo la Lubudi, na kuua zaidi ya watu 60 waliokuwa wamepanda mabehewa ya mizigo kwa kukosa usafiri mwingine. Lakini treni iliyo katika hali nzuri huondoa malori mengi barabarani, na hilo ndilo linalofanya kurudi kwa njia ya Lobito kuwa jambo la usalama kama lilivyo la biashara. Kampuni ya Lobito Atlantic Railway ilianza kuiendesha sehemu ya Angola chini ya mkataba wa miaka 30, shaba ya kwanza ya Kamoa-Kakula ikasafirishwa kuelekea huko mwishoni mwa 2023, na treni zimeanza kurudi na salfa.

Viwanda vya kuyeyusha hufanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Lualaba Copper Smelter, kilichoanza karibu na Kolwezi mwaka 2020, hugeuza unga wa madini kuwa shaba ya asilimia karibu 99, na moshi wake hukamatwa na kutengenezwa asidi. Lori linalotoka na shaba iliyoyeyushwa hubeba shaba tupu, si shaba na mwamba, na asidi inayohitajika Mutanda au Kamoto huweza kutoka jirani badala ya kuvuka mpaka wa Zambia na kupita vijiji vyote vya njiani. Tenke Fungurume huchoma salfa na kujitengenezea yake. Kila tani ya asidi inayotengenezwa hapohapo inapohitajika ni tani ambayo hakuna shofere atakayeibeba usiku kupitia Fungurume.